Nukta ya Mwanga Gizani: Jinsi Jamii na Utamaduni Vinavyounda Tabia ya Mtu

Kaa ndani ya chumba chenye giza totoro, kisha mtu awashe kinukta kimoja cha mwanga mbele yako. Kinukta chenyewe hakisogei hata kidogo. Lakini ukikitazama kwa sekunde chache utaapa kwamba kinatembea, kwa sababu jicho likikosa kitu cha kulinganishia hudanganyika na kuona mwendo mahali ambapo hapana mwendo. Katikati ya miaka ya 1930, Muzafer Sherif, mwanasaikolojia mzaliwa wa Uturuki aliyefanya kazi Marekani, aliwaingiza watu kwenye chumba kama hicho na kuwauliza swali moja tu: mwanga umesogea kiasi gani?

Aliyekuwa peke yake alijipatia kipimo chake. Mmoja aliona umesogea kidogo, mwingine aliona umekwenda mbali, na kila mmoja akatulia na alichokizoea. Sherif alipowaweka wawili au watatu pamoja, kila mtu akitaja jibu kwa sauti, majibu yalianza kuvutana. Wa juu akashuka, wa chini akapanda, mpaka wakakutana mahali pamoja. Hapakuwa na mabishano, wala kura, wala kiongozi aliyesema "tukubaliane". Na alipowarudisha chumbani mmoja mmoja, waliendelea kuuona mwanga kwa kipimo cha kundi.

Mwaka 1961 watafiti wawili wa Marekani, Robert Jacobs na Donald Campbell, walilirudia jaribio hilo kwa namna iliyonifanya nisiitazame tena mila yoyote kama nilivyoitazama zamani. Waliweka chumbani watu waliopangwa kutaja makadirio makubwa kupita kiasi, pamoja na mshiriki mmoja asiyejua lolote. Kisha wakawatoa wale waliopangwa mmoja baada ya mwingine, na kila anayetoka nafasi yake ikachukuliwa na mgeni wa kweli. Ikafika wakati chumbani hakuna hata mmoja wa waliouanzisha uongo ule. Hata hivyo makadirio makubwa hayakukoma. Wageni waliyapokea kwa wenyeji, nao wakawarithisha wageni waliofuata, kizazi baada ya kizazi. Watu wanyofu, wasiolazimishwa na yeyote, walikuwa wanatunza urithi wa watu wasiowahi kuwaona, kuhusu mwendo ambao haukuwahi kutokea.

Hapo pana karibu kila kitu tunachohitaji ili kuelewa jinsi jamii inavyomuunda mtu. Tukiona mtu ametenda jambo, tuna mazoea ya kwenda moja kwa moja moyoni mwake: ni mwoga, ni mkarimu, ni mkaidi, ndivyo alivyo. Mimi naona swali la kwanza lingekuwa jingine: anadhani wenzake wanafanya nini, na anadhani watamwonaje? Neno lenye uzito hapo ni "anadhani". Tabia ya mtu haifuati jinsi watu wanaomzunguka walivyo. Inafuata jinsi anavyodhani walivyo, na tutaona kwamba mara nyingi anakosea.

Mambo mawili yanayotuvuta

Mwaka 1955 Morton Deutsch na Harold Gerard walitenganisha sababu mbili za mtu kuwafuata wenzake. Ya kwanza ni kutafuta ukweli: sijui, wao pengine wanajua, basi nawatazama. Ya pili ni kutafuta kukubalika: najua kabisa, lakini sitaki kutengwa wala kuonekana wa ajabu. Chumba cha giza kinaonyesha zaidi ile ya kwanza. Ya pili ilionyeshwa na Solomon Asch kwa jaribio ambalo halikuwa na giza lolote.

Asch aliwaonyesha washiriki mstari mmoja, kisha mistari mitatu mingine, na kuwaomba wataje upi unalingana na ule wa kwanza. Kazi hiyo ni rahisi mno. Mtu akiachwa peke yake karibu hakosei kabisa. Ila mshiriki halisi alikuwa mmoja tu, na wengine wote walipangwa. Katika mizunguko 12 kati ya 18 walitaja kwa sauti jibu lilelile lisilo sahihi, mmoja baada ya mwingine, mpaka zamu ikamfikia yeye, aliyekuwa mwishoni au karibu na mwisho. Jiweke katika kiti kile. Unaona kwa macho yako kwamba mstari ni ule wa kati. Umesikia watu sita au saba, wote watulivu, wote wana sura za watu wenye akili timamu, wakisema ni ule wa kulia. Mtafiti anakutazama, kalamu mkononi.

Kwa wastani, zaidi kidogo ya theluthi moja ya majibu katika mizunguko hiyo yalifuata kundi. Karibu robo tatu ya washiriki walifuata walau mara moja. Takwimu hizo zimekuwa zikinukuliwa kwa miaka mingi kama ushahidi kwamba binadamu ni kondoo, na nadhani huko ni kulisoma jaribio nusu. Karibu theluthi mbili ya majibu hayakufuata kundi, na robo ya washiriki hawakuyumba hata mara moja. Isitoshe, walipohojiwa baadaye, waliofuata hawakuwa na sababu moja. Wapo waliosema waliona vizuri ila hawakutaka kuonekana tofauti. Wapo walioanza kuyashuku macho yao. Kwa nje kitendo ni kilekile, lakini ndani ni safari mbili tofauti kabisa, na anayetaka kubadilisha tabia ya mtu bila kujua ni ipi kati ya hizo mbili atapoteza nguvu zake bure.

Waswahili walisema ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Methali hiyo inahusu safari ya kwanza tu: mwenye macho mawili anajua anayo mawili. Kazi kubwa ya utamaduni ni kumfikisha mtu mahali ambapo jicho limefumbwa siku nyingi hata amesahau kwamba liliwahi kuona.

Kimya kinachodanganya

Kuna tukio ambalo kila aliyewahi kukaa darasani analijua. Mwalimu amemaliza kueleza jambo gumu. Anauliza, "Kuna swali?" Wewe hujaelewa. Unageuza macho polepole, kushoto, kulia. Nyuso zimetulia, hakuna mkono uliopanda. Unahitimisha kwamba wote wameelewa isipokuwa wewe, nawe unautuliza uso wako. Yule wa pembeni, ambaye naye hajaelewa, anageuka na kukutazama. Anauona uso wako uliotulia.

Hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyemlazimisha mwenzake. Darasa zima limefikia hitimisho ambalo hakuna hata mmoja ndani yake analoliamini kuhusu nafsi yake. Wanasaikolojia hukuita huku kutojuana kwa pamoja: kila mtu anajua kwamba kimya chake kinaficha kitu, lakini anakichukulia kimya cha mwenzake kama maoni yake halisi.

John Darley na Bibb Latané walionyesha mwaka 1968 jinsi jambo hilo linavyoweza kuwa la hatari. Mtu anajaza fomu ndani ya chumba, na moshi unaanza kuingia kupitia tundu la ukutani. Waliokuwa peke yao, robo tatu walitoka kutoa taarifa. Walipokaa na watu wawili waliopangwa kutulia na kuendelea kuandika, ni mmoja tu kati ya kumi aliyetoka. Wengine walibaki wakikohoa, wakijipangusa macho, wakipepea moshi ili waione karatasi. Ukiwaita watu wale wazembe utakuwa umekosea. Walikuwa wanasoma nyuso ili wajue kama pana hatari, na nyuso zilisema hapana.

Sasa ondoa moshi, weka badala yake jambo ambalo jamii nzima imekuwa ikilifanya kwa miaka. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2020, ulioongozwa na mwanauchumi Leonardo Bursztyn, ulifanyika Riyadh, Saudi Arabia, kwa vijana wa kiume waliooa. Waliulizwa faraghani kama wanakubali mwanamke afanye kazi nje ya nyumba. Walio wengi sana walikubali. Kisha wakaulizwa wanadhani wenzao waliokaa nao ukumbini wamejibuje. Hapo karibu robo tatu yao walikosea kwa upande uleule: waliwadhania wenzao kuwa na msimamo mkali kuliko waliokuwa nao. Nusu ya vijana wakaonyeshwa matokeo halisi. Hawakupewa hotuba wala mafundisho, wala hoja mpya. Walionyeshwa tu kile ambacho wenzao walikuwa tayari wanakiamini. Mwishoni, waliokuwa tayari kuwaandikisha wake zao kwenye huduma ya kutafuta kazi walipanda kutoka chini ya robo hadi karibu theluthi moja. Miezi michache baadaye, wake wa vijana walioonyeshwa matokeo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wameomba kazi na kufanyiwa usaili.

Nautazama utafiti huo kama msingi wa hoja yangu. Ungewauliza wanaume wale kwa nini wake zao hawafanyi kazi, pengine jibu lingekuwa utamaduni wetu. Na wangekuwa wakweli. Lakini utamaduni huo, kwa sehemu kubwa, ulikuwa ni kila mmoja akiogopa maoni ambayo jirani yake hakuwa nayo.

Nguvu hiyohiyo inaweza kutumika vibaya bila mtu kukusudia. Mwaka 2007 Wesley Schultz na wenzake waliwapelekea wakazi wa mji wa San Marcos, California, karatasi za kuning'iniza mlangoni zikieleza kaya yao imetumia umeme kiasi gani na majirani wanatumia kiasi gani kwa wastani. Waliokuwa juu ya wastani walipunguza, kama ilivyotarajiwa. Waliokuwa chini ya wastani waliongeza matumizi. Walikuwa wakibana bila kujua kwamba wanabana. Walipojulishwa kwamba wengine hawabani, wakalegea. Tiba iliyopatikana ilikuwa ndogo ajabu: watafiti walipochora kwa mkono uso unaotabasamu kwenye karatasi ya anayetumia kidogo, hakuongeza. Takwimu ilimwambia watu wanafanya nini, na ule uso ukamwambia watu wanakubali nini, na hayo ni mambo mawili tofauti. Kwa hiyo huwa nasikitika ninapoona kampeni za nia njema zikitangaza jinsi uovu fulani ulivyoenea. Anayesoma kwamba wengi hawalipi kodi, au wengi wanatupa taka ovyo, anapata habari mbili kwa mpigo: kwamba jambo hilo ni baya, na kwamba ndilo linalofanywa na watu. Ya pili ina nguvu kuliko wanavyofikiri walioandika tangazo.

Utamaduni unapoingia mwilini

Mpaka hapa mtu anaweza kusema haya yote ni juujuu, ni watu kuchungana. Lakini mambo yanazama zaidi ya hapo.

Katika Chuo Kikuu cha Michigan, Dov Cohen, Richard Nisbett na wenzao walichapisha mwaka 1996 majaribio waliyowafanyia wanafunzi wa kiume, wengine waliokulia kaskazini mwa Marekani, wengine kusini. Kijana anatumwa kupeleka karatasi mwisho wa ukumbi mwembamba. Njiani mtu amesimama kwenye kabati la mafaili, na inambidi afunge droo ili kumpisha. Kijana anaporudi, mtu yule anaibamiza droo, anampiga kikumbo kwa bega na kumtukana kwa sauti ya chini, kisha anaingia chumba cha pembeni.

Vijana wa kaskazini wengi wao waliishia kuona ni kichekesho. Wa kusini walikasirika, na hasira ile haikuwa ya uso tu: mate yao yalipopimwa, kotisoli, homoni inayopanda mtu anapokuwa na msongo, ilikuwa imeongezeka mno kuliko kwa wenzao. Katika jaribio jingine, baada ya tukio hilo, jitu la miraba minne lilikuja likitembea moja kwa moja dhidi yao katikati ya ukumbi. Kijana wa kusini ambaye hakutukanwa alimpisha mapema, akiwa bado umbali wa karibu mita 2.7, kwa kweli alikuwa na adabu kuliko yule wa kaskazini. Aliyetukanwa alisonga mbele mpaka ikabaki chini ya mita moja ndipo akapisha.

Maelezo ya Nisbett na Cohen ni kwamba sehemu kubwa ya kusini ilikaliwa na watu waliotoka kwenye jamii za wafugaji. Mali ya mfugaji inaweza kuibwa usiku mmoja, na pale ambapo mkono wa serikali haufiki, ulinzi wake ni sifa ya kutochezewa. Adabu nyingi na hasira ya haraka ni pande mbili za sarafu moja: nikuheshimu, lakini usinijaribu. Wapo wataalamu wanaoipinga historia hiyo, na mimi sing'ang'anii chanzo. Kinachonishangaza ni kwamba vijana wale walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, hawakuwa na ng'ombe wa kuibiwa, na bado mwili wa kila mmoja ulikuwa umejiandaa kuwalinda.

Kwa nini jambo lidumu baada ya sababu yake kuondoka? Mwaka 2008 Joseph Vandello, Cohen na mwenzao waligundua kwamba wanaume wa kusini huwa na mwelekeo wa kuwadhania wenzao kuwa wagomvi kuliko walivyo. Tumerudi darasani. Kila mmoja anajikaza kwa sababu anaamini wengine wanamtazama, na kujikaza kwake kunakuwa ushahidi kwa mwenzake kwamba hapa watu hawachezewi. Hivyo ndivyo chumba cha giza kinavyofanya kazi katika dunia ya mchana.

Utamaduni hauishii kwenye vitendo. Unagusa hata namna tunavyovieleza vitendo vya wengine. Joan Miller, mwaka 1984, aliwauliza watu wa Chicago na watu wa Mysore, India, kwa nini mtu wanayemjua alitenda jambo jema au baya. Watu wazima wa Chicago walielekea kutaja hulka yake. Wa Mysore walielekea kutaja mazingira: wajibu aliokuwa nao, watu aliokuwa nao. Lakini watoto wadogo wa pande zote mbili walijibu kwa namna zilizokaribiana. Tofauti ilikua kadiri umri ulivyoongezeka. Hakuna aliyezaliwa na nadharia yake kuhusu binadamu. Kila mmoja alifundishwa, kwa maelfu ya sentensi za nyumbani ambazo hakuna aliyezihesabu kuwa ni somo.

Lakini utamaduni si hukumu

Hapa ndipo mjadala mwingi unapoharibika. Mtu akishakubali kwamba utamaduni una nguvu, hatua inayofuata huwa "wale ndivyo walivyo", na hapo ufafanuzi unageuka kuwa dharau. Wastani wa kundi haukuambii lolote la uhakika kuhusu mtu mmoja aliyesimama mbele yako. Tena sehemu kubwa ya utafiti wa saikolojia umefanywa kwa watu wachache wa dunia hii: Joseph Henrich na wenzake walionya mwaka 2010 kwamba wanaofanyiwa majaribio karibu wote wanatoka kwenye nchi tajiri za Magharibi zenye sehemu ndogo tu ya watu wa dunia, na kwamba watu hao mara nyingi ndio wasiofanana na wengine. Hata jaribio la Asch, lililorudiwa katika nchi 17, lilitoa viwango tofauti, vya juu zaidi kwenye jamii zinazotanguliza kundi, na nchini Marekani kwenyewe viwango vilishuka tangu miaka ya 1950. Kinachopanda na kushuka ndani ya miongo michache hakiwezi kuwa damu.

Angalia wanadiplomasia wa Umoja wa Mataifa jijini New York. Kwa miaka mingi hawakulazimika kulipa faini za kuegesha magari vibaya, hivyo kilichowazuia ni dhamiri zao tu. Raymond Fisman na Edward Miguel walichunguza rekodi za kuanzia 1997 na kukuta kwamba waliotoka nchi zenye rushwa nyingi walikuwa na makosa mengi. Waliotoka Sweden au Norway hawakuwa na hata moja ambalo halijalipwa. Walibeba utamaduni mpaka kwenye maegesho. Mwishoni mwa 2002 jiji lilipoanza kuwanyang'anya wakosaji namba za kidiplomasia za magari yao, makosa yalishuka kwa takriban asilimia 98. Watu ni walewale na malezi ni yaleyale.

Au chukua wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam mwaka 1971. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa amekuwa mraibu wa dawa za kulevya kule vitani, na serikali ilijiandaa kwa balaa. Lee Robins alipowafuatilia, alikuta kwamba katika mwaka wa kwanza nyumbani ni takriban asilimia 5 tu ya waliokuwa waraibu walioangukia tena kwenye uraibu. Waliacha nyuma vita, wauzaji, na marafiki waliokuwa wakivuta pamoja. Tulikuwa tumezoea kuuita uraibu udhaifu wa mtu.

Kuna sehemu ya kazi ya Asch ambayo ningependa ijulikane kuliko ile theluthi maarufu. Katika toleo jingine la jaribio lake alimweka mtu mmoja, mmoja tu, aliyepangwa kusema ukweli kabla ya zamu ya mshiriki kufika. Kundi lililobaki liliendelea kukosea vilevile. Idadi ya majibu yaliyofuata kundi ilianguka hadi kama robo ya ilivyokuwa. Hakuwashawishi wengine, wala hakuwashinda kwa hoja. Alitaja mstari aliouona, na aliyekaa jirani yake akapata ruhusa ya kuyaamini macho yake.

Na wale wa chumba cha giza cha Jacobs na Campbell, uongo wao haukudumu milele. Kila mgeni aliyeingia aliyafuata makadirio ya wenyeji, lakini aliyapunguza kidogo, kwa sababu alichokiona hakikufika huko. Aliyemfuata akapunguza tena. Baada ya vizazi vinne au vitano, bila mtu yeyote kutangaza kwamba mila imekufa, makadirio yalikuwa yamesharudi karibu na ya watu ambao hawakuwahi kudanganywa.